Alhamisi yangu: katekista mlangoni mwa parokia

Saa 11:10 alfajiri

Natoka nyumbani giza bado limetanda. Mvua ya usiku imeacha madimbwi katikati ya mawe, na huku kwetu pembezoni mwa Mwanza njia zote zinapita mawe. Funguo za kanisa nimezining'iniza shingoni. Huu ni mwaka wangu wa 21 wa ukatekista. Mlango wa kanisa nafungua wote, mbao zote mbili, hata siku za baridi. Anayefika akakuta upande mmoja umefungwa huanza kujiuliza kama amechelewa.

Saa 12:00 asubuhi

Misa. Ni mwanzo wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na Injili ya leo ni Luka 15: Mafarisayo wananung'unika kwamba Yesu anawakaribisha wenye dhambi na kula nao. Baba Paroko amehubiri dakika tano tu. Ametuomba tuangalie jambo moja, kwamba yule mchungaji hakumuuliza kondoo aliyepotea alikuwa wapi. Alimbeba mabegani.

Benchi la mwisho upande wa kina baba hukaa mzee mmoja ambaye ndoa yake ya kwanza ilivunjika miaka mingi iliyopita, na sasa anaishi na mama mwingine. Kila siku yupo. Wakati wa Komunyo, ambayo hapokei kwa sababu ya hali hiyo ya ndoa, huinamisha kichwa mpaka foleni iishe. Mwezi uliopita Baba Paroko alikaa naye ofisini zaidi ya saa moja, akamweleza kuwa shauri lake linaweza kupelekwa kwenye mahakama ya Kanisa jimboni, na kwamba tangu Desemba 2015 Papa Fransisko alirahisisha utaratibu: hukumu moja inatosha pale ambapo zamani zilihitajika mbili zinazokubaliana. Pengine ndoa ile itaonekana ilikuwa batili, pengine haitaonekana hivyo. Ila leo mzee amesimama, amepanga foleni na wenzake, na alipofika mbele akakunja mikono kifuani, ishara ya kuomba baraka badala ya Komunyo. Padre akamwekea mkono kichwani, akambariki. Nimemwona akirudi kwenye benchi lake akiwa amenyanyua uso.

Saa 2:30 asubuhi

Ofisini. Kwanza vyeti viwili vya ubatizo kwa wanaojiandaa kufunga ndoa, halafu mama aliyeleta nia za misa. Kisha anaingia binti wa miaka kama 19, mtoto mgongoni, amesimama mlangoni hathubutu kukaa.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama."

"Milele amina. Marahaba mwanangu, karibu, kaa. Mtoto analala vizuri?"

Anataka mtoto abatizwe. Fomu anayo, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Sehemu ya jina la baba iko wazi. Sehemu ya ndoa iko wazi. Na sehemu ya saini ya mwenyekiti wa jumuiya, yaani kundi la waamini majirani, nayo iko wazi, kwa sababu mwenyekiti amemwambia arudi akishafunga ndoa. Mwanamume mwenyewe alishahama, na simu yake haipatikani.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Mwaka wangu wa tatu kazini alikuja mama kama huyu, na mimi nikamrudisha. Nilimwambia hana barua ya jumuiya, na bila barua siandikishi. Nilisema kwa upole, nikidhani upole unatosha. Akavuta kanga, akamfunika mtoto, akaondoka, sikumwona tena. Nimewahi kumtafuta kwenye mitaa miwili anayoweza kuwa alikaa. Uso wake bado naukumbuka.

Baadaye nilisoma vizuri sheria yenyewe. Kanuni ya 868 ya Sheria za Kanisa inadai mambo mawili ili mtoto mchanga abatizwe kihalali: mzazi mmoja angalau akubali, na kuwe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Ndoa ya wazazi haikutajwa. Barua ya jumuiya nayo haikutajwa. Huo ni utaratibu wetu wenyewe, na ni mzuri ukitumika kumfahamu mtu na kumsaidia. Mwaka 2013 Papa Fransisko aliandika kwamba Kanisa si kituo cha forodha, ni nyumba ya Baba ambamo kila mtu ana nafasi yake pamoja na taabu zake. Aliyewahi kusubiri mpakani Sirari na mzigo wake anaelewa tofauti hiyo bila kufafanuliwa.

Nimemuuliza binti: nani atamfundisha mtoto kusali? Akajibu haraka, "Mama yangu. Yeye ni WAWATA," yaani umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania. Nikamwambia aniachie fomu, jioni nitakuwa jumuiyani kwao.

Saa 4:00

Napeleka Komunyo kwa wagonjwa, kwa ruhusa ya askofu. Leo ni wanne. Watatu nitawapita kwa maneno, ila mmoja siwezi.

Ni bibi wa miaka zaidi ya 70, miguu imevimba, hatoki nje. Nikifika huwa ameshaandaa: kigoda, juu yake kitambaa cheupe alichodarizi mwenyewe, mshumaa na msalaba mdogo wa mbao. Kitambaa kina alama ya pasi ya mkaa upande mmoja, na upande huo huugeuzia ukutani. Babu yake alisoma dini Bukumbi kwa wale Mapadre Weupe, wamisionari waliofika huko mwaka 1883, enzi ambazo mtu alifundishwa miaka minne ndipo abatizwe. Yeye mwenyewe alibatizwa akiwa mchanga, kisha akaolewa mke wa pili. Kwa miaka zaidi ya 40 hakupokea Komunyo. Wenzake walipokwenda mbele, yeye alibaki kwenye benchi akiwashikia watoto. Nusu ya vijana wa parokia hii walipakatwa na bibi huyu mama zao wakiwa kwenye foleni.

Mumewe amefariki juzijuzi. Padre alikuja, bibi akaungama, na tangu hapo anapokea. Mume mmoja na mke mmoja ndiyo imani yetu, nami naifundisha kwa moyo wote. Ila kulikuwa na wakati watu walimkatalia hata kuongoza rozari nyumbani kwake mwenyewe, na hilo hakuna kanuni iliyoliagiza. Tuliliongeza sisi.

Akishapokea hufumba macho muda mrefu. Mimi hukaa kimya. Leo alipofumbua amesema, "Nenda mwanangu, usimcheleweshe mwenzangu wa huko mbele."

Saa 8:00 mchana

Mazishi. Marehemu alikuwa fundi wa mitumbwi, na miaka mingi hakuonekana jumuiyani. Jana ndugu yake alikuja ofisini baada ya kuambiwa na baadhi ya viongozi kuwa kadi ya zaka ya marehemu ni tupu, kwa hiyo misa hakuna. Baba Paroko akaniuliza swali moja: amebatizwa? Nikatoa daftari la zamani, lile ambalo gamba lake limefungwa kwa uzi, nikalikuta jina, mwaka 1971, kwa wino wa bluu uliofifia.

Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioikana imani waziwazi, au kuipotosha, au kujitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Kadi ya zaka haimo. Na kanuni ya 1181 inaonya kwamba maskini asikose mazishi yanayostahili kwa sababu ya sadaka.

Lakini siwezi kuwalaumu tu viongozi wa jumuiya. Mama mmoja ameniambia jana, machozi yakimlengalenga, "Katekista, kila msiba sisi ndio tunabeba masufuria, tunalala nje, tunachanga. Yeye hakuja hata kwa baba yangu." Ana haki ya kuumia. Jumuiya imekaa juu ya migongo ya watu kama yeye, na ukaribisho wowote tunaouhubiri altareni, wao ndio wanaoulipia kwa kuni na kwa usingizi. Nilimshika mkono, sikuwa na hoja ya kumpa.

Leo nimemkuta makaburini. Ameketi na mjane, amemfunika kwa kanga yake mwenyewe. Masufuria yalikuwa yametangulia tangu asubuhi.

Saa 11:00 jioni

Kuabudu Ekaristi Takatifu, nusu saa. Nimesinzia kidogo. Mungu anajua nimetoka wapi.

Saa 12:30 jioni

Jumuiya. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, waliziweka jumuiya ndogo ndogo mbele katika uchungaji mwaka 1976 ili Kanisa likae pale watu wanapoishi, majirani wajuane kwa majina. Leo tumekaa uani, watu 14, viti vya plastiki na mkeka, harufu ya dagaa wa jirani ikitufikia. Tumesoma Injili, tumeshirikishana, tumewaombea marehemu. Ndipo nikaitoa ile fomu.

Mwenyekiti ni mtu mwema. Ndiye aliyejenga choo cha kigango kwa fedha zake. Akasema anachoogopa: "Tukiandika huyu, mabinti wengine si wataona ndoa haina maana?" Sikumkatiza. Kijana mmoja wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, akasema binti aliacha kwaya kwa aibu, hakuacha kwa kiburi. Mama yake binti, aliyekuwa kwenye mkeka nyuma kabisa, akasimama. Hakujitetea. Amesema tu, "Mtoto ataamka kwangu, atalala kwangu, na Baba Yetu nitamfundisha mimi. Mama yake naye nitamrudisha kwaya, kama mtampokea." Mama mwingine, yuleyule wa masufuria, akasema yeye atakuwa msimamizi wa ubatizo.

Kukawa kimya. Nikaeleza kanuni ya 868 kwa maneno machache, nikanyamaza na mimi.

Mwenyekiti akavaa miwani. Akaomba kalamu, akaiweka fomu juu ya Biblia yake ili apate pa kuandikia, mtoto wa mwenye nyumba akammulika kwa simu. Akaipitia toka juu. Kisha akainua kichwa.

"Mbona jina la mtoto halijaandikwa? Anaitwa nani?"

Nilikuwa nimekaa na fomu hiyo tangu asubuhi, nami sikuuliza. Bibi yake mtoto akalitaja. Mwenyekiti akamwomba alirudie, asije akakosea, akaliandika herufi moja moja, kisha akatia saini chini yake.