Zege la uani limezama nyumbani Mombasa: kuinua au kuvunja?

Ile video ya povu imeshazunguka makundi yote ya WhatsApp ya Wakenya walioko Marekani. Jamaa anatoboa vitundu kwenye zege la mbele ya gereji, anasukuma kemikali inayofura kuwa povu, slabu inapanda taratibu mpaka inakaa sawa, na gari linaegeshwa hapo jioni ile ile. Halafu swali ni moja: si tungefanya hivyo pale nyumbani Kisauni, mama aache kujikwaa?

Inawezekana, ila hesabu ya huku Minnesota siyo ya Mombasa. Huku ghali ni kuvunja. Fundi analipwa kwa saa, kifusi kinalipiwa kwenda kutupwa, na miezi ya barafu kumwaga zege nje ni gharama juu ya gharama. Ndiyo maana kuinua slabu ambayo bado nzima mara nyingi kunakula nusu ya gharama ya kuivunja na kumwaga upya, pengine chini ya hapo. Mombasa vijana wawili wenye nyundo na mitaimbo wanaivunja bila shida, na kifusi hakiendi mbali: kinapondwa na kurudi shimoni kuwa hadikoo, yaani mawe ya kujazia chini ya zege. Mashine ya povu nayo si kitu cha kubebwa kwa tuktuk. Ni lori zima lenye mapipa mawili ya kemikali, hita, pampu na mpira mrefu unaopashwa joto.

Kabla ya kuzungumza bei, tafuta udongo uliokuwa chini ya zege umekwenda wapi. Mara nyingi maji ndiyo yameuchukua. Bati la mita mraba 100, siku ya masika mvua ikipiga milimita 50, linamwaga lita 5,000. Kama hakuna gata, au gata linaishia kwenye kona ya nyumba, maji hayo yote yanazama kando ya msingi, mahali ambapo udongo ulirudishwa kwa mkupuo mmoja bila kushindiliwa. Mchanga wa Kisauni, Nyali na Bamburi unahama upesi. Ukipata upenyo wa kuingia shimo la choo cha zamani, chemba iliyopasuka au tundu kwenye mwamba wa matumbawe, umekwenda. Upande wa Changamwe na Miritini mambo ni mengine: kuna udongo wa mfinyanzi, unavimba ukinywa maji na kunywea kiangazi. Slabu ya huko ukiiinua Februari, Mei inaweza kupanda ikapita kizingiti cha mlango. Ipimwe mwisho wa kiangazi, ipimwe tena katikati ya masika, ndipo uamue.

Kupima hakuhitaji kifaa cha ajabu. Levo ya maji, yaani mpira mwembamba unaoonyesha ndani, inatosha: fundi asome kila kona na kutia alama za penseli ukutani. Akuandikie milimita, asikuambie "imezama kidogo". Kisha agonge slabu nzima kwa nyundo, hatua kwa hatua. Panapolia kitupu pana pengo chini. Hapo atoboe tundu moja la majaribio na kutumbukiza waya uliopindwa ncha. Ncha ikinasa upande wa chini wa slabu, umepata unene wa zege. Ukiushusha waya mpaka ugote udongoni, ukatoa unene huo, umepata kina cha pengo.

Unene ndio unaoamua mengi. Zege la milimita 100 linavumilia kuinuliwa. Lililomwagwa milimita 50 juu ya mchanga mtupu, na yako mengi tu, litapasuka pampu ikianza kusukuma. Ufa mmoja au miwili inayogawa slabu vipande vikubwa haina neno, lakini ukihesabu vipande vinne au vitano, kila kimoja kimeinama upande wake, vunja. Vunja pia ukiona madoa ya kutu au maganda yanayobanduka na kuacha waya wa BRC, yaani wavu wa chuma uliolazwa ndani ya zege, ukiwa nje. Chumvi ya bahari imeshafika kwenye chuma, chuma kimevimba, na slabu hiyo hata ikipanda vizuri itaendelea kubanduka yenyewe.

Ukuta ukiwa nao una ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha, au milango imeanza kukwama, huo ni ugonjwa wa msingi. Apite kwanza mhandisi aliyesajiliwa na Engineers Board of Kenya.

Kuinua kuna njia mbili. Povu linapita kwenye matundu ya milimita 16. Kemikali mbili zikikutana zinafura ndani ya sekunde, na chini ya saa moja gari linapita. Njia ya zamani ni kusukuma mchanganyiko wa simiti kupitia matundu ya milimita 40 hivi, yaliyoachana mita moja hadi moja na nusu. Mchanga laini au vumbi la kokoto sehemu 8 hadi 10, simiti sehemu 1, na maji ya kuufanya uwe mzito kama uji. Tofauti kubwa iko kwenye uzito. Pengo la mita 4 kwa 3 lenye kina cha wastani cha milimita 50 ni mita 0.6 za ujazo. Ukilijaza mchanganyiko wa simiti umeongeza takriban tani moja juu ya udongo ambao tayari umeshindwa kubeba mzigo wa mwanzo. Ukilijaza povu, ni chini ya kilo 40. Mchanga uliokwisha kutulia unaiweza ile tani ya simiti. Mfinyanzi mlaini au kifusi kipya hakiiwezi.

Yanayoharibu kazi yanajulikana. La kwanza ni kusukuma kwenye tundu moja mpaka mwisho, slabu ikavunjika mgongo. Inatakiwa milimita chache kila tundu, kwa kuzunguka. Lingine ni kusahau kukata kwa grainda pale slabu iliponasa kwenye ukuta, ikapanda na plasta yake. Bomba la maji taka lililopasuka chini nalo linajaa simiti ikaganda humo. Kwa Mombasa lakini hatari yenyewe ni lile shimo lisilojulikana: pampu inameza mfuko baada ya mfuko na slabu haitikisiki. Ukishasukuma mara mbili ya ujazo uliopima na hakuna kilichopanda, simamisha. Vunja uone kilichoko chini. Povu nalo halipendi jua, kwa hiyo kingo zake zilizobaki wazi zifukiwe.

Na fundi wa kwanza atakayeitwa atakwambia ajazie plasta juu, sentimita mbili, bei nafuu. Kataa. Slabu inaendelea kushuka na plasta yake, na masika yajayo una nyufa mpya juu ya nyufa za zamani.

Uamuzi ukiwa ni kuvunja, haya ndiyo mahesabu ya njia ya gari ya mita 6 kwa 3, unene milimita 100. Zege ni mita 1.8 za ujazo. Kwa uwiano wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) unahitaji mifuko 12 ya simiti ya kilo 50. Karibu na bahari bora 1:1.5:3, yaani mifuko 15, mchanga mita 0.8 za ujazo na kokoto mita 1.6, na uongeze kidogo cha kumwagika. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, yapungue kama mchanga umelowa. Maji ya kisima yenye chumvi na mchanga wa ufukweni visiguse zege lenye chuma.

Chini, toa udongo wote uliolegea, kisha jaza kwa matabaka ya milimita 150, kila tabaka lishindiliwe kwa mashine. Kumwagia maji na kukanyagakanyaga hakutoshi. Juu yake hadikoo milimita 150, vumbi la kokoto milimita 50, nailoni ya geji 1000, halafu BRC A142 ikae juu ya vikalio, yaani vipande vidogo vya kuinyanyua, milimita 40 hadi 50 kutoka uso wa zege. Hapa ndipo wengi wanapodanganywa: BRC inalazwa juu ya nailoni na fundi anaahidi ataivuta juu wakati wa kumwaga. Haivutwi. Inabaki chini kabisa, haisaidii kitu. Mteremko uwe milimita 20 kwa kila mita kutoka nyumbani, na viungo vikatwe kila mita 3 kwa kina cha milimita 25. Mwageni asubuhi mapema, mfunike kwa magunia yanayolowanishwa siku 7 mfululizo. Gari dogo lingoje wiki mbili. Boza la maji la lita 10,000 lisiingie kabisa: maji peke yake ni tani 10, na slabu ya milimita 100 haikujengwa kwa mzigo huo. Lisimame barabarani, livute mpira.

Pale ambapo udongo bado unahama, kabro, yaani matofali ya zege ya kupanga chini, inashinda zege la kumwaga. Za unene wa milimita 60 zinatosha kwa gari dogo, 80 kwa malori, juu ya msingi ulioshindiliwa vilevile na mchanga wa milimita 30 hadi 50, kingo zikishikwa na mawe yaliyojengewa. Pakizama mahali, unazing'oa, unajaza, unazirudisha zile zile.

Ukisimamia kwa simu kutoka huku, gawa malipo. Pesa ya kuvunja itangulie. Pesa ya simiti na kokoto itoke ukishaona picha ya shimo likiwa na futi iliyosimamishwa ndani, na nyingine ya kila tabaka lililoshindiliwa. Kabla ya kumwaga, omba video ya BRC juu ya vikalio na ya gata lililoelekezwa mbali na msingi. Sehemu ya mwisho ikae mpaka magunia yatolewe na mtu amwage ndoo ya maji mlangoni, ukiona maji yanaelekea geti.