Kabla ya kuchagua mfumo wa tovuti, mtafute atakayebadilisha bei

Mwenye duka la vipuri Kariakoo au nyumba ya wageni Paje akitaka tovuti, huanza kuulizwa rangi na nembo. Hayo yanaweza kusubiri. Swali linaloamua mfumo ni hili: bei ikipanda Jumanne saa nane mchana, nani ataingia kuibadilisha, na ataingilia kwenye kifaa gani?

Kama jibu ni "hakuna mtu", basi biashara hiyo haihitaji mfumo wa kusimamia maudhui (programu ya kubadilishia kurasa bila kuandika msimbo) hata kidogo. Kurasa 3 au 4 za HTML tupu (msimbo wa msingi wa kurasa za wavuti) zinatosha: huduma, ramani, saa za kazi, namba ya WhatsApp. Hazina hifadhidata, hazina nenosiri la kuibwa, zinafunguka upesi hata mtandao ukiwa dhaifu, na zikikaa miaka 2 bila kuguswa hakuna kinachoharibika. WordPress, mmojawapo wa mifumo hiyo, ikitelekezwa muda huo huo ni nyumba isiyo na kitasa. Mafundi wengi hawalisemi hili kwa sababu kazi ya kurasa 4 hailipi sana.

Mtu akiwepo, hata kama ni mpwa anayeshika simu jioni, chaguo langu ni WordPress kwa biashara nyingi ndogo. Si kwa sababu ni nzuri kuliko zote. Ipo tangu 2003, programu yenyewe ni ya bure, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia. Maana yake mtaani ni kwamba fundi wako akihama au akiacha kupokea simu, mwingine anapatikana mji ule ule. Ila angalia unachonunua: WordPress ya kupakua kutoka wordpress.org unaiweka kwenye hostingi yako mwenyewe, yaani nafasi ya seva unayoikodi. WordPress.com ni huduma inayotumia programu hiyo hiyo, na unachoruhusiwa kufanya kinategemea mpango uliouchagua.

Joomla, mfumo mwingine wa aina hiyo, iliyozaliwa 2005, ilichukua jina lake kwenye neno letu "jumla", likaandikwa kwa sikio la Kizungu. Ina jambo moja ambalo WordPress haina ndani yake: lugha nyingi bila plagini (kiongezo cha programu). Nyumba ya wageni yenye kurasa za Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano ingefaidika. Tatizo ni mafundi, maana wanaoijua vizuri ni wachache, na WordPress yenye plagini ya Polylang inafanya kazi hiyo hiyo. Drupal, nao mfumo wa aina hiyo, waachie vyuo na wizara. Waliokuwa kwenye toleo la 7, ambalo msaada wake ulikoma tarehe 5 Januari 2025, hawakuweza kubonyeza "sasisha" wakaendelea na kazi. Ilibidi tovuti ihamishwe kama inajengwa upya.

Wix na Squarespace, huduma za kujengea tovuti mtandaoni, zinavutia kwa sababu unaburuta picha na ukurasa unakaa sawa. Kabla ya kulipa, uliza utatokaje. Tovuti ya Wix haihamishiki ikiwa nzima kwenda hostingi nyingine. Siku ya kuondoka utanakili ukurasa baada ya ukurasa. Squarespace inatoa faili ambalo WordPress inaweza kulisoma, lakini ni sehemu tu ya maudhui, na mpangilio wa kurasa hauji nalo. Kumbuka pia kwamba malipo hukatwa kwenye kadi. Kadi ikiisha muda na barua za onyo zikaenda kwenye anwani isiyofunguliwa, wateja ndio watakaokuambia kwamba tovuti imezimika.

Sasa malipo, ambako pesa nyingi hupotea bure. Duka lenye bidhaa chini ya 30 kwa kawaida halihitaji kikapu cha kununulia mtandaoni. Kitufe cha WhatsApp kwenye kila bidhaa kinauza vizuri, mradi kiungo kiwe sahihi: wa.me/ kisha 255 au 254, kisha tarakimu 9 za namba bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Sifuri hiyo ndiyo kosa la kawaida, na mteja akibonyeza anaambiwa namba haipo.

Ukihitaji kikapu kweli, WooCommerce, plagini ya duka ndani ya WordPress, inaunganishwa na M-Pesa moja kwa moja au kupitia kampuni ya kati kama Pesapal. Kwa Kenya, njia ya moja kwa moja ni Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha tovuti na M-Pesa: unahitaji namba ya Paybill au Till ya kupokelea malipo ya biashara, funguo za mazingira halisi (za majaribio hazipokei pesa), na anwani ya HTTPS (iliyolindwa kwa usimbaji) ya kupokelea majibu. Kinachoharibika mara nyingi ni hiyo anwani. Mteja ameweka PIN, pesa imekatwa, lakini oda inabaki "inasubiri malipo" kwa kuwa ukuta wa usalama wa hostingi umezuia jibu, au anwani iliyosajiliwa haina www na tovuti inaelekeza kila kitu kwenye www. Jaribu kwa shilingi 10 za kweli, ufuatilie hadi hali ya oda ibadilike yenyewe. Shopify, huduma ya kujengea duka la mtandaoni, ni nzuri, lakini njia yake yenyewe ya malipo haipo Kenya wala Tanzania. Ukitumia njia nyingine, mpango wa Basic unakukata asilimia 2 ya kila mauzo, juu ya makato ya hiyo njia yenyewe.

Umiliki uwekwe kwenye maandishi kabla ya malipo ya kwanza. Domeni (jina la anwani ya tovuti), iwe ya .co.tz au .co.ke, isajiliwe kwa jina na barua pepe ya biashara, si ya fundi. Ukihamia mfumo mwingine na kubadilisha seva za majina (zinazoelekeza domeni yako), nakili kwanza rekodi za MX, SPF na DKIM, zinazoelekeza na kuthibitisha barua pepe, la sivyo tovuti mpya itawaka na barua pepe za ofisi zitakata siku hiyo hiyo. Bakapu (nakala ya akiba) ya WordPress ni vitu viwili: folda ya wp-content, yenye picha, na hifadhidata, yenye maandishi. Ukiwa na folda peke yake, una picha bila maneno. Na bakapu inayokaa kwenye seva ile ile inakufa pamoja nayo.

Usikubali themu (muundo wa mwonekano wa tovuti) ya kulipia "iliyopatikana bure". Mara nyingi imefichwa msimbo wa kumrudisha mwizi ndani. Vijenzi vya kurasa (plagini za kupangia ukurasa) kama WPBakery navyo vina deni: ukivizima, maandishi hubaki yamezungukwa na mabano ya mraba kila mahali. Kihariri cha vitalu kilichomo ndani ya WordPress tangu Desemba 2018 kinatosha duka dogo. Picha za simu zipunguzwe hadi upana wa pikseli 1600 kabla ya kupakiwa. WordPress hupunguza yenyewe zinazozidi pikseli 2560, lakini hiyo bado ni kubwa, na picha ya asili inaendelea kula nafasi ya diski.

Fomu ya mawasiliano ijaribiwe kwa kutuma kwenye Gmail na kuangalia folda ya taka, kwa sababu barua zinazotumwa na seva bila SMTP (njia ya kutuma kupitia akaunti halisi ya barua pepe) mara nyingi huishia humo.

Na tovuti ikikaa wiki kadhaa bila kuonekana Google, usinunue plagini ya SEO (ya kukusaidia uonekane kwenye utafutaji) kwanza. Fungua mipangilio ya usomaji ndani ya WordPress, utafute kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Fundi hukiweka tiki wakati wa ujenzi, akasahau kukiondoa.