Alama 71 na bado tukakosa

Mama yangu alikuwa kijumbe wa mchezo wa hela, ule wa kuchanga kila wiki na kupokea kwa zamu, pale Ngamiani, Tanga, kwa miaka mingi. Wanawake kumi na wawili, kauntabuku moja la jalada la bluu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili sisi watoto tusiondoke nayo. Kila Jumamosi jioni alipita nyumba kwa nyumba. Leo nakaa Bonn, nafanya kazi kwenye kituo cha mafunzo ya mafundi umeme na mafundi wa mitambo ya kupasha joto nyumba, karibu na mto Rhine, na kazi yangu ni kuandika maandiko ya kuomba fedha za Umoja wa Ulaya. Nikifungua lile jedwali la bajeti, anayenijia kichwani ni mama na kauntabuku lake. Mwalimu wangu wa uhasibu hata sura yake siikumbuki vizuri.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayefundisha ufundi huko nyumbani. Aliniandikia: "Dada shikamoo. Nasikia huko hela za elimu zinamwagwa tu. Sisi tunazipataje?" Nikamjibu marahaba, mdogo wangu, subiri nikitulia nitakueleza. Sijatulia, lakini ameshanikumbusha mara tatu.

Kwanza, jina. Wengi wakisikia Erasmus wanafikiria mwanafunzi mwenye begi mgongoni anayekwenda kusoma nusu mwaka nchi nyingine. Ndivyo ilivyoanza mwaka 1987, nchi 11 na wanafunzi 3,244. Sasa inaitwa Erasmus+, na kwa kipindi cha 2021 hadi 2027 imetengewa euro bilioni 26 na ushee. Sehemu kubwa bado ni ya kusafirisha watu. Ila kuna fungu jingine ambalo wengi hawalijui, la ushirika: chuo, kampuni na kituo cha ufundi kutoka nchi tofauti wanaungana kutengeneza kitu kipya, tuseme mtaala, au namna mpya ya kumpima fundi, au cheti kifupi cha ujuzi mmoja. Huko ndiko ninakoshinda.

Mlango mdogo ni ushirika wa watu wachache: taasisi mbili kutoka nchi mbili, euro 30,000 au 60,000. Unaofuata unataka taasisi tatu kutoka nchi tatu, na unachagua mwenyewe kiasi: 120,000, 250,000 au 400,000. Hiyo yote inapita kwa wakala wa taifa wa nchi ya mratibu. Kwa Ujerumani wakala wa ufundi uko hapa hapa Bonn, naweza kwenda kwa baiskeli. Juu kabisa kuna miungano ya ubunifu, na hiyo inaamuliwa Brussels, kwenye EACEA, wakala wa Kamisheni ya Ulaya wa elimu na utamaduni. Muungano wa elimu na biashara unapata hadi euro milioni 1 kwa miaka miwili au milioni 1.5 kwa mitatu. Muungano wa sekta nzima unafika milioni 4 kwa miaka minne.

Sisi, kwa ujasiri wa mgeni, tulianza na milioni na nusu.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na hadi leo nalitetea. Ulaya inabadilisha mitambo ya kupasha nyumba joto, kutoka gesi na mafuta kwenda pampu za joto. Kwa asiyeijua, pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: inavuta joto kutoka hewa ya nje, hata kwenye baridi, na kulisukuma ndani. Tatizo ni kwamba mara nyingi fundi mabomba haruhusiwi kugusa umeme wake, na fundi umeme hajui mabomba, kwa hiyo nyumba moja inangoja watu wawili ambao hawapatikani wiki moja. Tulitaka kutengeneza mafunzo mafupi ya jioni kwa mafundi ambao tayari wana kazi, kila mmoja apate sehemu anayoikosa, na cheti chake kitambulike katika nchi zote za ushirika.

Masharti ya muungano ule: washirika kamili wasiopungua wanane kutoka nchi zisizopungua nne, na ndani yao angalau watatu wa upande wa soko la ajira na watatu wa upande wa elimu, ikiwemo chuo kikuu kimoja na kituo cha ufundi kimoja. Tulikuwa tisa kutoka nchi tano: Ujerumani, Slovenia, Ureno, Poland na Finland. Andiko lilikuwa na kurasa 70, ndio mwisho unaoruhusiwa. Nilihesabu neno "kijani" mara 41, nikafuta kumi kwa aibu. Tuliingiza kazi na stadi zetu kwenye ESCO, ile orodha ya Kamisheni ya Ulaya yenye kazi zaidi ya 3,000 na stadi zaidi ya 13,000, kwa sababu mtathmini hupenda kuona unazungumza lugha yake. Fundi mmoja wa kituo chetu, mzee wa miaka sitini, alisoma maelezo ya kazi yake mwenyewe mle ndani akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, kampuni moja ikajitoa. Ilikuwa mmoja wa wale watatu wa soko la ajira. Tukabaki na wawili, na kwa wawili andiko haliangaliwi hata ukurasa wa kwanza. Mtu fulani akasema anamfahamu mtu kwenye jumuiya moja ya waajiri, akapiga simu, wakakubali siku hiyo hiyo. Tukashangilia. Nikawapa siku 11 za kazi kwenye bajeti, maana ndizo zilizokuwa zimebaki.

Siku 11 kwa miaka mitatu. Kamati ya harusi hukutana mara nyingi kuliko hizo ndani ya miezi miwili.

Tulituma. Saa ya mwisho ni saa kumi na moja jioni ya Brussels, sisi tukabonyeza saa kumi na dakika hamsini, mimi na mkurugenzi tumesimama nyuma ya skrini kama watu wanaotazama penalti. Miezi kadhaa baadaye majibu yakaja: alama 71 kwa 100.

Hapa ndipo ninapotaka mdogo wangu asome polepole. Kizingiti ni alama 70. Kwa dakika kama mbili nilikuwa na furaha ya ajabu, nikawahi hata kumtumia mkurugenzi ujumbe wa alama za mshangao tupu. Kisha nikafungua ukurasa wa pili. Alama zinagawanywa mara nne: umuhimu wa mradi 25, ubora wa mpango 30, ubora wa ushirika 25, matokeo 20. Na kila moja ina kizingiti chake, 13, 16, 13 na 11. Sisi tulipata 20, 22, 12 na 17. Kwenye ushirika, kumi na mbili. Alama moja chini. Andiko zima likaanguka kwa mguu huo mmoja, na zile 71 zikawa za kupamba barua tu.

Maelezo ya watathmini yalikuwa mafupi na ya heshima: mchango wa jumuiya ya waajiri haukuelezwa vya kutosha, na siku walizopewa hazilingani na wajibu waliotajwa nao. Walimwona. Katika kurasa 70 na majedwali yote yale, watu wasiotujua, waliokaa nchi nyingine, walimwona mtu wa kujazia.

Jioni ile nilimpigia mama. Nikamweleza kama nilivyoweza, na yeye akaelewa upesi kuliko mkurugenzi wangu. Akanikumbusha mwanamke mmoja wa barabara ya kumi na mbili. Mchezo ulikuwa na watu kumi na mmoja, akatafutwa wa kutimiza, shoga wa shoga. Alipokea mkono wa tatu, yaani zamu ya tatu, na wiki iliyofuata kahamia Muheza. Wiki tisa zilizobaki mama alimlipia yeye kutoka kwenye hela ya maandazi, kwa sababu kijumbe ndiye anayefuatwa mlangoni.

Sasa, mratibu wa mradi wa Ulaya ni kijumbe mtupu. Fedha za awali zinaingia kwenye akaunti yake, yeye ndiye anawagawia wenzake, na yeye ndiye anayeandikiwa barua mambo yakienda kombo. Na siku hizi ruzuku hizi zinatolewa kwa mkupuo. Zamani ilibidi utunze risiti na karatasi nyingi za ushahidi. Leo risiti haziombwi. Unagawa mradi kwenye mafungu ya kazi, kila fungu lina bei yake iliyokubaliwa tangu mwanzo, na mwisho wanauliza swali moja: fungu hili limetimia au halijatimia? Likitimia, unalipwa bei yake. Lisipotimia, fedha zake zinakatwa, hata kama umekesha.

Watu husema mkupuo umerahisisha. Umerahisisha kwa mhasibu. Kwa mratibu umekuwa mgumu zaidi, nasema wazi, maana mshirika mmoja akizembea kwenye fungu la nne, anayeumia ni kila mwenye jina kwenye fungu la nne. Risiti ilikuwa inakulinda: kila mtu na matumizi yake. Sasa mnalindwa na kuaminiana tu. Hata hivyo naupenda mfumo huu kuliko ule wa zamani, kwa sababu unakulazimisha kuuliza mapema swali ambalo sisi hatukuuliza: huyu mtu, wiki ya tisa, atakuwepo?

Jambo jingine ambalo nyumbani hawaambiwi: kwenye ile miungano mikubwa Umoja wa Ulaya unalipa asilimia 80. Asilimia 20 unatoka nayo nyumbani, mara nyingi kwa mishahara ya watu wako wenyewe. Kwa hiyo ukisikia kituo kimepata "milioni", jua kuna mtu kaketi na kikokotoo anatafuta robo ya juu yake itoke wapi.

Mwaka 2024 tulirudi kwa adabu. Mlango wa katikati, euro 250,000, washirika wanne tu. Wa Slovenia, wa Ureno na wa Finland tuliokuwa nao mwanzo, na sisi. Mwajiri mmoja ndani yake, kampuni ndogo ya Finland yenye mafundi wasiofika thelathini, lakini mwenye kampuni mwenyewe ndiye aliyeandika ukurasa unaoeleza fundi wake anakosa nini. Aliandika vibaya, sentensi fupi fupi, na sikuzigusa. Tarehe ya mwisho ilikuwa 5 Machi, saa sita mchana ya Brussels, si jioni, na kila mwaka kuna mtu anayekosea hilo. Mimi nilituma usiku wa kuamkia siku hiyo nikalala.

Tulipata. Sitaeleza sherehe, ilikuwa keki ya dukani na kahawa.

Mradi sasa uko katikati. Umeshaninyima usingizi mara moja, pale mkufunzi wa Slovenia alipougua na majaribio ya mafunzo yakasimama, na wengine watatu wakawa wanamngoja. Nilianza kuandika barua pepe ya kikazi, nzuri, yenye namba ya kifungu cha mkataba. Nikaifuta. Nikapanda treni nikaenda, tukakaa jikoni kwao kituoni na mwalimu mwingine, tukahamisha masomo mawili kwenda kwa Wareno, na kila mmoja akasaini karatasi moja. Mama alikuwa anaita hivyo "kwenda kwa miguu".

Basi, mdogo wangu. Mafungu ya fedha niliyoyaeleza ni ya Ulaya kwanza, lakini kuna moja ambalo chuo chenu kinaweza kuingia kama mshirika kamili: la kujenga uwezo wa vyuo vya ufundi, ambalo Afrika kusini mwa Sahara imo. Kati ya euro 100,000 na 400,000, mwaka mmoja hadi mitatu. Na lina sharti ninalolipenda: taasisi za Ulaya haziruhusiwi kuwa nyingi kuliko za upande wenu. Mtakachohitaji kwanza ni namba ya usajili ya tarakimu tisa kwenye tovuti ya Kamisheni, inaitwa PIC. Ni bure. Akitokea mtu anataka laki tatu akusajilie, mfukuze. Kisha, kabla hujasoma mwongozo wenye kurasa mia kadhaa, nitajie mtu mmoja wa Ulaya ambaye chuo chenu kimewahi kufanya naye kazi akatimiza alichosema. Mmoja tu. Ukimpata, mimi nitakusomea mwongozo.

Juzi nilimweleza mama kwamba gharama za kuuongoza mradi, vikao, ripoti, kufuatana, haziruhusiwi kuzidi asilimia 20 ya fedha yote. Akanyamaza kidogo kwenye simu, anapiga hesabu.

"Yaani kijumbe huko analipwa?"

"Kidogo, mama."

"Mie nilikuwa nachukua mkono wa kwanza tu," akasema, "na wakanisema mtaa mzima."