Vidole saba

Nimezima TV sasa hivi. Leo, Februari 19, 2022, Chelsea wameshinda 1-0 ugenini kwa Crystal Palace pale Selhurst Park, Ziyech kafunga dakika ya 89, ila hamu ya kushangilia sina.

Mshambuliaji wetu Lukaku kacheza dakika zote 90, kagusa mpira mara 7.

Saba! Na mmojawapo ni ule wa kuanzisha mpira katikati.

Mdogo wangu alianza kumhesabia kwa vidole, kama utani tu. Mpaka filimbi ya mwisho, mkono wa pili haujajaa. Hakuna aliyecheka.

Huyu ndiye aliyenunuliwa kwa pauni milioni 97.5, jamani.

Msimu uliopita (2020/21) akiwa Inter ya Italia alifunga mabao 24 ya ligi. Kocha wake wa huko, Conte, alimpa mshambuliaji mwenzake Lautaro wa kucheza naye, mpira unafika mapema, mbele kuna uwazi, anageuka na beki mgongoni halafu anakimbia. Kwa kocha wetu Tuchel mpira unazungushwa weee, ukija kumfikia (ukimfikia!) mabeki wameshajaa kwenye boksi.

Na yeye kukaba kwa kukimbiza hataki sana, tuseme ukweli.

Mimi bado namtetea, ila leo kwa sauti ya chini.

Haya, semeni: mngembadilisha mchezaji au mfumo?