Siku moja maabara ya baiolojia: kitunguu kimoja, seli hai na seli mfu

Saa 12:45 asubuhi
Kazi ya kwanza ni hadubini. Leo kidato cha tano wanaangalia seli: PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) kabla ya chai, CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) baadaye. Lenzi zinafutwa kwa karatasi yake maalumu, si kwa pindo la koti, maana vumbi la koti hukwaruza kioo na mkwaruzo hautoki. Lenzi ya mara 40 ndiyo huchafuka zaidi, kwa kuwa hukaa karibu sana na slaidi na iodini iliyozidi huishia hapo. Hadubini za kioo cha kuakisi zinapangwa dirishani, lakini kioo kisielekezwe kwenye jua lenyewe. Linaumiza jicho vibaya.

Saa 1:20
Miyeyusho. Iodini: potasiamu iodaidi gramu 2 kwenye maji kidogo, kisha iodini gramu 1, koroga hadi punje ziishe, ndipo ongeza maji hadi mililita 300. Ukianza na iodini peke yake utakoroga mpaka kengele ya chai. Haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu.

Sukari ya mola 1 ni gramu 342 katika lita moja ya myeyusho. Sukari ya dukani inafaa kabisa. Iyeyushe kwenye maji yapata mililita 600, halafu jaza hadi alama ya lita. Wengi humimina lita nzima ya maji juu ya sukari: ujazo unapanda hadi kama lita 1.2, ukolezi unashuka hadi karibu mola 0.8, na grafu za darasa zima zinapinda bila mtu kujua sababu.

Saa 2:30, PCB
Gamba la kitunguu maji linakatwa kwa wembe vipande vya milimita 5, na ngozi laini ya upande wa ndani inabanduliwa kwa koleo. Iingie kwenye tone la maji papo hapo, la sivyo inajikunja na seli zinaonekana tabaka mbili. Tone moja la iodini, dakika mbili, kisha kioo cha kufunikia kinashushwa taratibu kwa kukilaza upande mmoja kwanza. Ukikidondosha, hewa inanaswa. Kila darasa kuna anayechora kiputo cha hewa na kukiita kiini. Kiputo ni duara kamili lenye ukingo mnene mweusi. Kiini ni kidogo, kimekolea rangi ya njano au kahawia, na mara nyingi kimesukumwa pembeni na vakuoli, ule mfuko wa maji unaojaza seli.

Anza na lenzi ya mara 4. Ukifika ya mara 40, usiguse tena skrubu kubwa, ndogo tu. Seli zikififia, punguza mwanga badala ya kuongeza.

Kwenye michoro ndiko alama zinakopotea. Mitokondria na ribosomu, sehemu ndogo mno za ndani ya seli, zinachorwa kwa sababu zimo kitabuni, ilhali ribosomu haionekani kabisa kwa hadubini hii, na mitokondria haijitokezi kwenye slaidi ya iodini. Kloroplasti, zile chembe za kijani za majani, nazo hazimo: kitunguu hukua gizani, hakina kazi nazo. Chora ulichokiona. Halafu ukuzaji wa mchoro si ukuzaji wa hadubini. Ikiwa uwanja wa kuonea una upana wa milimita 1.8 na seli sita zimeenea humo kwa urefu, seli moja ni milimita 0.3. Ukiichora kwa milimita 90, mchoro umekuza mara 300, hata kama uliangalia kwa mara 100.

Saa 4:30, wengine wanakunywa chai
Viazi mbatata vinamenywa kabisa, maana ganda huzuia maji, na kukatwa vipande vya milimita 10 kwa 10 kwa 50. Vinakaushwa kwa tishu, vinapimwa uzito, vinaingia kwenye sukari ya mola 0, 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1. Ya 0.2 ni mililita 20 za mola 1 na 80 za maji. Pembeni kuna kipande kilichochemshwa, ndani ya maji matupu, cha kulinganishia.

Saa 5:15, CBG
Kitunguu kilekile, ila sasa ngozi ya nje yenye zambarau, na iodini haisogei mezani. Iodini huua seli. Inakuonyesha kiini vizuri, lakini utando wa seli iliyokufa hauchagui tena kipi kipite na kipi kibaki, kwa hiyo osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando kwenda upande wenye sukari nyingi zaidi, huioni.

Ngozi hii inabanduka kwa ubishi. Kipande cha milimita 3 kinatosha. Weka tone la sukari ya mola 1 ukingoni mwa kioo cha kufunikia, na upande wa pili gusisha tishu ivute maji. Ndani ya dakika tano hadi kumi zambarau inasinyaa na kuachana na ukuta, kwanza pembeni, kisha pande zote. Ukuta unabaki na umbo lake. Hapo utando, ambao asubuhi haukuonekana kwa kuwa umegandamana na ukuta, unajionyesha wenyewe kama ukingo wa ile rangi. Vuta maji safi kwa njia ileile, na zambarau inatanuka tena. Isiporudi, seli imekaa kwenye sukari muda mrefu mno. Zambarau ikivuja nje, utando umepasuka.

Saa 7:00 mchana
Viazi vinapimwa tena. Kausha vyote kwa namna moja, kwani tone moja la maji linatosha kuvuruga hesabu. Tumia asilimia ya mabadiliko, kwa sababu vipande havikuanza na uzito sawa. Grafu hukata sifuri, yaani uzito haupandi wala haushuki, mara nyingi kati ya mola 0.2 na 0.4. Vya maji matupu ni vigumu, vya mola 1 vinapinda kidoleni. Kile kilichochemshwa kimekaa majini muda uleule na bado ni teketeke: utando wake ulikufa kwenye sufuria.

Saa 8:30
Slaidi zinaingia kwenye maji ya sabuni kabla iodini haijakauka. Sukari iliyobaki inamwagwa, maana ikilala huota ukungu na sisimizi huijua njia. Chupa ya iodini inarudi kabatini, gizani, ikiwa na tarehe ya leo.