Mwezi ambao Liemba haikuwa na ratiba

Katika tovuti yangu yote kulikuwa na ukurasa mmoja tu uliokuwa unaingiza pesa, nao ni ukurasa wa Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika. Kurasa nyingine zilikuwepo: namna ya kufika hifadhi ya Gombe kwa boti za Kibirizi, treni ya reli ya kati na maji ya kubeba njiani, habari za Ujiji na ule mwembe walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Ile ya Ujiji ndiyo niliyoiandika kwa moyo wote. Lakini mtu wa Berlin au London anayepanga kuvuka Ziwa Tanganyika ana swali moja kichwani: meli inaondoka lini? Jibu nilikuwa nalo, kwa sababu nilishuka bandarini mwenyewe kuuliza. Jumatano jioni, kila baada ya wiki mbili, kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Meli ikiwa imeharibika au imekodishwa, nilibadilisha ukurasa siku hiyohiyo.

Tovuti niliiandika kwa Kiingereza, na sababu yake ilikuwa ya kibiashara. Matangazo nilikuwa nayapata kupitia AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye tovuti za watu, na wakati ule Kiswahili hakikuwamo katika orodha ya lugha zao. Halafu kuna suala la bei. Nafasi ya tangazo huuzwa kwa mnada kila mtu anapofungua ukurasa. Wenye hoteli na kampuni za safari hushindana kumpata msomaji aliyeko Ujerumani au Marekani, na humpandia dau kubwa kuliko msomaji aliyekaa Mwandiga na simu yake. Wakati ule mtu akilibofya tangazo, mtangazaji alikuwa analipa, na katika malipo yale mwenye tovuti alikuwa anabaki na asilimia 68. Kwangu siku njema ilikuwa senti 20 au 30 za dola. Siku nyingi ilikuwa sifuri.

Kazi hii niliifanyia kwenye steshenari ya dada yangu pale Mwanga, mjini Kigoma, nyuma ya mashine ya kutolea kopi. Umeme wa Kigoma ulikuwa wa majenereta ya dizeli, nao ukikatika nilimalizia kwa betri ya kompyuta na bando la simu. Hata akaunti yenyewe ilisimama kwa mgongo wa dada. Salio likifika dola 10, Google hutuma barua ya karatasi yenye namba ya siri kwenye anwani yako ya posta, na usipoiingiza namba hiyo ndani ya miezi minne matangazo yanaondolewa. Sanduku la posta la kwangu sikuwa nalo. Dada alikuwa nalo, la biashara. Alipoileta ile barua, karatasi nyembamba iliyokunjwa na kugundishwa pembeni, yenye vitobo vya kuchania, aliishika kwa ncha za vidole kama hati ya kiwanja. Tuliichana pamoja. Ndani mlikuwa na tarakimu sita tu. Akaniuliza, "Ndiyo hii tuliyokuwa tunaisubiri?" Nikamwambia ndiyo hii, dada. Akaihifadhi chini ya kopo la chenji, na nadhani ilikaa hapo mpaka wino ulipofifia.

Vijana waliokuja kupiga picha za pasipoti walikuwa wananiambia, "Kaka, tukubofyee?" Niliwakatalia kila mara. Bofyo la rafiki ni wizi kwa aliyelipia tangazo, na wakubwa wa mtandao wakilibaini wanaifunga akaunti na salio lote linapotea. Nilitaka pesa inayotoka kwa mtu aliyependa kile alichokiona.

Mwishoni mwa Aprili 2015 mambo ya Burundi yakaharibika. Tarehe 25 chama tawala kikamtangaza Rais Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, maandamano yakaanza Bujumbura, na watu wakaanza kukimbia. Tarehe 13 Mei likafuata jaribio la mapinduzi. Wengi walishukia Kagunga, kijiji chetu cha mpakani kilichobanwa kati ya milima na ziwa, ambacho wakati ule gari halikuweza kukifikia. Watu wakajaa ufukweni kwa maelfu juu ya maelfu, maji ya kunywa ni yaleyale ya ziwani, na kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa pale ilikuwa ni majini tu, na chombo kikubwa kilichokuwepo ni Liemba.

Basi ndipo magazeti ya dunia nzima yakaipata habari yake: meli ya Wajerumani iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande kwa treni hadi Kigoma, ikapigana Vita Kuu ya Kwanza kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na sasa, ikiwa na umri wa miaka 100, inabeba wakimbizi. Kila aliyesoma habari ile alitaka kujua zaidi kuhusu meli, na waliotafuta wakaangukia kwenye ukurasa wangu wa ratiba.

Asubuhi nilipofungua takwimu nilidhani ni hitilafu. Ukurasa uliozoea wageni arobaini au hamsini kwa siku ulikuwa umepata maelfu usiku mmoja. Nchi zilijipanga pale: Ujerumani juu kabisa, Uingereza, Marekani, Uholanzi. Na upande wa mapato, namba ambayo nilizoea kuiona kwa mwezi mzima ilikuwa imeandikwa chini ya neno "jana". Nilimwita dada, akavaa miwani yake. Alifurahi sana, na mimi nilifurahi. Dola ilikuwa inaelekea shilingi 2,000, na dola 100, kiwango ambacho lazima ukifikie ndipo Google walipe, ghafla ilikuwa jambo la wiki hiyohiyo.

Jambo la kwanza nililolifanya ni kuurekebisha ukurasa. Ratiba niliyokuwa nimeiweka haikuwa kweli tena. Nikaandika juu kabisa kwamba safari za kawaida zimevurugika, kwamba meli iko kwenye kazi ya kuhamisha watu kutoka Kagunga, na kwamba mwenye safari ya Mpulungu asije Kigoma akitegemea Jumatano. Kisha nikashuka bandarini kama kawaida yangu, nipate cha kuandika.

Hapakuwa na mtu wa kumwuliza ratiba. Liemba ilikuwa imetia nanga, na watu walikuwa wanateremka taratibu. Kagunga hapakuwa na gati, kwa hiyo walikuwa wamepakiwa kwenye mitumbwi na boti ndogo kwanza hadi kwenye meli iliyosimama kina kirefu, kisha saa kadhaa za ziwani mpaka mjini. Wahudumu wa afya waliovaa mabuti ya mpira walikuwa wananyunyizia dawa ya klorini njia ya kupita. Mvulana wa miaka kumi hivi alipita mbele yangu ameshika dumu la njano tupu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine madaftari ya shule yaliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, fundo juu ya fundo, maji yasiingie. Dumu aliligongesha kwenye ngazi mara mbili tatu. Madaftari aliyanyanyua juu.

Kutoka hapo walikuwa wanapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Mama yetu alikwenda uwanjani na sufuria la uji. Kirundi na Kiha chetu tunasikilizana, kwa hiyo alikaa na akina mama wenzake akiongea nao mpaka jua likazama. Aliporudi nyumbani hakula. Kabla ya mwezi kwisha kipindupindu kile kilikuwa kimeua watu zaidi ya 30.

Siku hizo ndipo iliponifikia barua pepe kutoka kwa mama mmoja wa Uingereza. Alisema amesoma ukurasa wangu, na chini ya ile taarifa ya safari kuvurugika ameona tangazo la shirika la misaada linaloomba michango kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Amelibofya na amechanga. Alinishukuru kwa kuliweka.

Sikuliweka mimi. Hata kuliona sikuliona, maana sisi wa huku tulikuwa tunaonyeshwa mengine, ya vocha za simu na vyuo. Mashine ya Google ilisoma maneno yangu kuhusu Kagunga na wakimbizi, ikamtafuta mtangazaji anayeendana nayo, na huyo akawa ni shirika la misaada lililonunua nafasi kule Ulaya. Nilikaa na ile barua pepe muda mrefu. Ikiwa shirika lile lililipa nusu dola kwa bofyo lile, basi senti 34 zilikuwa zangu. Bofyo la mwenzake, senti 34 nyingine. Hizo ni pesa zilizotengwa kuwatafutia watu wale maji safi, na kipande chake kilikuwa kinakatwa kuja kwangu, mimi niliyekaa Mwanga nyuma ya mashine ya kopi, kwa sababu tu niliwahi kuandika ratiba ya meli.

Nilimweleza dada usiku ule wakati tunafunga duka. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mdogo wangu, wenye mabasi ya kwenda Nyarugusu wanalipwa. Wenye nyumba huko Katubuka wanapangisha kwa dola sasa hivi. Anayewauzia maji analipwa. Hao wa mashirika wenyewe wana mishahara. Wewe umefanya kazi, umeandika, watu wamesoma. Na lile tangazo lisingekuwepo, yule mama angechangia wapi?"

Hoja yake ilikuwa nzito, na bado naiona nzito. Mwenye basi halali yake ni safi kabisa. Bila basi watu hawafiki Kasulu. Sikuwa na neno baya kwa mtu yeyote aliyepata riziki mwezi ule, na mji wetu ulikuwa na njaa ya riziki. Lakini basi lile lilikuwa linambeba mtu. Bofyo lile halikumbeba yeyote, lilikuwa tozo ya kupita mlangoni kwangu. Na mlango huo ningeweza kuuacha wazi bure.

Kulikuwa na njia ya kulizuia tangazo la shirika lile peke yake. Mwenye akaunti anaruhusiwa kumfungia mtangazaji kwa kuingiza anwani ya tovuti yake. Nikaona hiyo ingekuwa mbaya zaidi. Maelfu ya watu wanapita, halafu mimi nauficha ule ujumbe na kuwabakizia hoteli za Zanzibar kando ya habari za kipindupindu? Hapana. Kwa kuwa matangazo nilikuwa nayapachika kwa mkono, ukurasa mmoja mmoja, niliufungua ukurasa wa Liemba, nikatafuta vile vipande vya msimbo vinavyoleta matangazo, kimoja juu na kimoja chini, nikavifuta. Mahali pa cha chini nikaandika kwa maneno yangu sentensi tatu: watu wako wapi, wanahitaji nini, na anwani ya shirika lile iliyonyooka moja kwa moja, ambayo ukiibofya hakuna anayekatwa senti. Nikampelekea kiungo yule mama wa Uingereza, akawasambazia wenzake wa kanisani kwake.

Kurasa nyingine niliziacha na matangazo yake. Gombe na Ujiji hazikuhusika.

Maelfu waliendelea kuja kwa siku kadhaa. Niliwaona kwenye takwimu, nchi baada ya nchi, na mstari wa mapato pembeni ukiwa umelala chini. Sitasema haikuniuma. Nilikuwa nanunua bando kwa pesa ya kuazima, na salio lilikuwa limesimama karibu kabisa na dola 100 bila kuvuka. Uzuri ni kwamba salio lisilofika kiwango halipotei, linahamia mwezi unaofuata, na unaofuata tena. Wageni nao wakapungua kama walivyokuja, magazeti yakahamia habari nyingine, ingawa mabasi ya Nyarugusu hayakusimama.

Liemba iliporudi kwenye Jumatano zake, niliirudisha ratiba na nikarudisha matangazo. Sentensi zile tatu nilizihamishia kwenye ukurasa wake wenyewe, usio na tangazo, nikawa nazirekebisha kadiri hali ya kambini ilivyobadilika. Dola 100 ikatimia kwa mwendo ule wa zamani, wa senti 20 na 30, kutoka kwa watu waliokuwa wanapanga safari ya ziwani.

Katika malipo yale ya kwanza nilimlipia dada kodi ya mwaka ya sanduku la posta, nikamrudishia na ya bando. Alizihesabu, akaziweka kwenye kopo. Mpaka leo anashikilia kwamba ningeyaacha matangazo yale na kuipeleka pesa yote uwanjani kwa mkono wangu. Nami humjibu kwamba Google hulipa mwezi unaofuata, kati ya tarehe 21 na 26, na wale watu walikuwa wanaumwa siku ileile.