Oltaneta inachaji mchana, usiku inakula betri

Jamani kabla hujatoa hela ya betri mpya naomba usome hii, mana mimi nimenunua betri mbili ndani ya miezi mitano na shida haikuwa betri kabisa.

Gari yangu ni ya gia za kawaida, nalala nayo nyumbani Mwanga. Jioni natoka zangu mjini iko safi, asubuhi nikipiga stata ni ka ka ka ka, taa za dashibodi zinafifia, basi. Bahati Kigoma hii mteremko haukosi, tunaisukuma, gia ya pili, naachia klachi inawaka. Ila siku ambayo natakiwa kumfata mama Ujiji nimpeleke kliniki iligoma kabisa, iliniuma sana. Jirani yangu mvuvi wa dagaa akatoka na betri ya taa zake za ziwani, akasema "kaka busti na hii, mama asichelewe".

Dukani wakaniambia betri imechoka, nkanunua. Wiki mbili nyingi, yale yale. Fundi mmoja akapima gari ikiwa inaunguruma akapata volti 14.2, akasema chaji iko vizuri, oltaneta (ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka) ni nzima, hiyo betri ni feki. Nkanunua nyingine. Yale yale!

Ndo nkampata mzee mmoja fundi umeme kule Gungu. Akaniambia kesho usiwashe, usiguse kitu, nakuja mwenyewe. Alfajiri kafungua boneti, hata mita ya kupimia umeme hajatoa, kaweka mkono kwenye oltaneta. "Mwanangu, gusa hapa." Nkagusa injini, ya baridi kama maji ya mtungini, nkagusa oltaneta, ina uvuguvugu. Gari imelala toka saa 2 usiku, hilo joto linatoka wapi?

Akahamishia waya wa mita kwenye tundu la ampea 10, akachomoa temino ya negativu ya betri akaiweka mita katikati ya waya na betri. Kila kitu kimezimwa, milango imefungwa, tukasubiri kama nusu saa hivi. Inasoma ampea 1.8, wakati gari iliyolala haitakiwi kuzidi 0.05 hivi. Akachomoa fyuzi moja moja, redio, honi, taa, bado 1.8. Mwisho akafungua ule waya mnene nyuma ya oltaneta, mita ikashuka hadi 0.03.

Kumbe mule ndani kuna diodi, kazi yake umeme uende kwenye betri usirudi. Ikiharibika moja gari inaweza kuendelea kuchaji ukaona volti nzuri tu, alafu ukizima umeme unarudi unapotelea humo. Piga hesabu, ampea 1.8 kwa saa 12 ni 21.6 (ampea-saa), na betri yangu ni ya ampea-saa 45, yani karibu nusu imeliwa kabla sijanywa chai.

Tulibadilisha diodi tu, sio oltaneta nzima. Sasa usiku nikipima betri ni volti 12.6, asubuhi 12.5. Na wewe pima hivyo hivyo, ikishuka mpaka 12.2 kuna kinachokula, ikibaki 12.6 na bado gari inagoma basi angalia temino, waya wa ethi (ule wa negativu unaoenda kwenye bodi) na stata yenyewe. Ila mita ikiwa kwenye ampea usithubutu kupiga stata, utaunguza fyuzi yake.

Ile betri ya kwanza walosema imekufa niliichaji taratibu siku nzima ikashika, nkampa jirani. Mpaka leo iko ziwani inawasha taa za dagaa.